Meza 1, viti 6, jokofu 1

Ijumaa, saa tisa alasiri. Gari la halmashauri limeegeshwa chini ya mwembe, mlango wa nyuma uko wazi, godoro na masufuria vimeshapakiwa. Ndani ya ofisi ya mganga mfawidhi wa kituo cha afya, watu wawili wameinamia karatasi moja. Anayeondoka anasoma, anayepokea anatia tiki.

Meza 1. Viti 6, kimoja kimevunjika mguu. Kabati la chuma 1. Jokofu la chanjo 1. Pikipiki 1, haiwaki. Mhuri 1. Funguo 14.

Saini mbili, tarehe, mhuri. Wanapeana mikono. Gari linaondoka.

Wiki tano baadaye masika imeshika, mto umejaa, na gari la Bohari ya Dawa limekwama ng'ambo. Mganga mfawidhi mpya amesimama mbele ya rafu ambayo dawa mseto ya malaria imebaki maboksi mawili. Mhudumu aliyekaa kituoni hapo miaka mingi kuliko wote anamwambia kwa upole: "Yule aliyepita alikuwa anaagiza mapema, daktari. Kila mwaka, kabla ya masika."

Karatasi ile ilitaja mpaka kiti kilichovunjika mguu. Mto haikuutaja.

Mambo ya namna hii yamezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeyaita hasara. Hayaingii kwenye taarifa ya robo mwaka wala kwenye hoja ya mkaguzi. Lakini kwa wiki kadhaa karatasi ya makabidhiano imenikaa kichwani, kwa sababu naona ndiyo inayoonyesha wazi kuliko kitu kingine chochote kile ambacho ofisi zetu hukihesabu kuwa mali.

## Kilichoondoka na gari

Tukitaja mafunzo katika utumishi wa umma wa Tanzania, mawazo hukimbilia vyuoni. Kuna Chuo cha Utumishi wa Umma na kampasi zake za Dar es Salaam, Tabora, Mtwara, Singida, Tanga na Mbeya. Kuna Chuo Kikuu Mzumbe. Kuna Hombolo kwa ajili ya serikali za mitaa, ADEM ya Bagamoyo kwa viongozi wa elimu, na Taasisi ya UONGOZI kwa ngazi za juu. Vyuo hivi vina kazi kubwa na vinaifanya.

Lakini chukua jokofu la chanjo. Chuo kitakufundisha kwamba joto lake libaki kati ya nyuzi 2 na 8, na kwamba lisomwe na kuandikwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, sikukuu zikiwemo. Hayo yamo kwenye mwongozo, na mganga mfawidhi mpya anayajua. Asichokijua ni kwamba betri za sola za jengo hilo huishiwa nguvu alfajiri ya siku ya pili ya mawingu. Kwamba zahanati ya misheni iliyo ng'ambo ya kilima ina jokofu la gesi na hupokea chanjo za dharura. Kwamba makasha ya kubebea yako stoo ya nyuma, na moja kifuniko chake hakifungi.

Mambo hayo matatu yalimchukua mtangulizi wake miaka kuyajua, na kila moja alilijua baada ya hasara fulani. Yote yaliondoka na gari.

Nchi nzima imewahi kupita hapo. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa na kazi zake zikahamishiwa mikoani na wilayani. Zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi tena 1984. Jengo la halmashauri lingeweza kurudishwa kwa sheria, na cheo pia. Lakini karani anayejua ushuru wa soko unavyokusanywa bila ugomvi, au mweka hazina anayejua kijiji kipi hulipa baada ya mavuno na kipi kabla, huyo hakurudishwa na kifungu chochote. Ilibidi watu waanze upya kujifunza kazi ambayo waliokuwa kabla yao waliijua.

## Nilidhani ni fedha

Jibu la kwanza lililonijia ni lile la kila mtu: bajeti ya mafunzo ni ndogo, na ikitengwa haiji yote. Ni kweli. Kwenye matumizi mengineyo, kifungu cha mafunzo ndicho huwa cha kwanza kukatwa, kwa kuwa hakuna mwananchi atakayekuja kulalamika kwamba watumishi hawakufundishwa.

Nikakaa na jibu hilo siku chache. Halafu likaanza kuchechemea.

Kama tatizo ni fedha tu, yale yasiyogharimu fedha yangekuwa yanafanyika. Kikao cha asubuhi kituoni hakigharimu kitu. Watu wapo, chumba kipo, dakika 30 zipo. Kinachosemwa humo ni nini? Zamu, usafi, mgeni anayekuja Alhamisi, michango ya msiba. Mgonjwa aliyesubiri saa nne jana hatajwi. Shuleni ni hivyo hivyo. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, umeweka Jumuiya za Kujifunza ndani ya shule zenyewe ili walimu wafundishane bila kusafiri. Kuna shule ambazo jumuiya hiyo inafanya kazi barabara: mwalimu mmoja anasema wazi kwamba mada ya sehemu katika hisabati inamshinda, mwenzake anaifundisha mbele yao, wiki inayofuata wanamtazama wa kwanza akiifundisha darasani, kisha wanakaa tena. Na kuna shule ambazo jumuiya imegeuka kikao kingine cha matangazo chenye jina jipya.

Fedha ni ile ile, yaani hakuna, katika shule zote mbili.

Kuna upande mwingine wa fedha unaostahili kusemwa bila kumlaumu mtu. Posho ya kujikimu ya siku tano za semina, kwa mtumishi wa ngazi ya chini, ni ada ya mtoto. Kwa hiyo nafasi ya mafunzo hugawanywa kama riziki inavyogawanywa: kwa zamu, kwa huruma, wakati mwingine kwa upendeleo. Aliyekwenda mwaka jana anapumzishwa, hata kama kazi yake ndiyo inayohitaji mafunzo hayo. Mkuu anayefanya hivyo mara nyingi anatafuta haki. Lakini haki ya riziki na haja ya kazi ni vitu viwili, na tumevifunga katika orodha moja.

Ukishaelewa hilo unajua pa kushika. Kabla ya mtu kuondoka, aandike swali moja kutoka mezani kwake. "Kujengewa uwezo" haitoshi. Aandike kitu kama hiki: "Kwa nini taarifa yetu ya matumizi kwenye FFARS, mfumo wa hesabu za fedha za kituo, haiwiani na taarifa ya benki kila mwisho wa mwezi?" Akirudi, ndani ya siku 7 awafundishe wenzake kwa dakika 40, akianza na jibu la swali lake. Ndani ya siku 30 aonyeshe kitu kimoja kilichobadilika, hata kiwe kidogo.

Hapo ndipo mambo huharibika, na huharibika kwa namna ile ile. Mtumishi anarudi na njia mpya, mkuu wake hakuwepo kwenye mafunzo, anamsikiliza nusu, anasema: "Hapa sivyo tunavyofanya." Mjadala unaishia hapo. Cheti kinaingia kwenye jalada binafsi. Ndiyo maana kumpeleka mtu mmoja peke yake ni kumwonea. Nafasi zikiwa mbili, aende mtendaji na msimamizi wake. Ikiwa moja tu, basi msimamizi akae kwenye zile dakika 40 mwanzo hadi mwisho, na yeye ndiye aulize swali la kwanza.

## Aliyefundishwa kutibu

Mganga mfawidhi amesomea kutibu. Siku anapopewa kituo anakuwa mhasibu, afisa ugavi, msuluhishi wa ndoa za watumishi, katibu wa kamati ya usimamizi ya kituo na msemaji wa serikali kwenye mkutano wa kijiji. Tangu fedha zilipoanza kupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, katika mwaka wa fedha 2017/18, anasimamia pia fedha ambazo zamani zilisimamiwa wilayani. Mwalimu mkuu yuko katika hali hiyo hiyo. Tunamchukua mwalimu hodari wa hisabati, tunampa shule, na siku hiyo hiyo tunapoteza mwalimu hodari wa hisabati bila uhakika kama tumepata kiongozi.

Uongozi watu hujifunza kwa kuongoza, na utumishi wa umma unayo shule ya uongozi ya bei ya chini kuliko zote, ambayo imeandikwa tayari kwenye taratibu. Ni likizo.

Siku 28 kila mwaka mkuu wa kituo anatakiwa kupumzika. Siku 28 kila mwaka mtu mwingine anatakiwa kukaimu. Katika miaka mitatu kituo kingeweza kuwa na watu watatu waliokwisha kuonja uzito wa kiti kile.

Badala yake mkuu anakwenda likizo na simu, na funguo, na mhuri ndani ya mkoba. Kaimu anabaki na jina. Mwananchi akija na jambo, jibu ni "msubiri arudi". Kaimu huyo akimaliza siku 28 amejifunza kitu kimoja tu, kwamba kukaimu ni kusubiri.

Ili likizo iwe shule, vinakabidhiwa vitu vitatu. Kwanza mhuri na funguo, zote 14. Pili saini. Kubadilisha watia saini benki huchukua muda, kwa hiyo jina la atakayekaimu liwe kwenye orodha ya watia saini miezi kabla ya likizo, na kikomo cha kiasi anachoweza kuidhinisha kiandikwe. Tatu, na hiki ndicho husahaulika, mamlaka ya kuamua. Karatasi moja, mistari mitatu: haya amua mwenyewe, haya amua kisha nijulishe, haya yasubiri, isipokuwa ni dharura ya uhai.

Mkuu akirudi, wakae saa moja. Uliamua nini? Ulikuwa na taarifa gani wakati unaamua? Ungekuwa nayo ipi nyingine? Na uamuzi usiompendeza mkuu usitenguliwe mbele ya watumishi asubuhi ile ile. Wakiona hivyo mara moja tu, mwaka unaofuata hakuna atakayekubali kukaimu kwa moyo.

Kukaimu kwa aina nyingine, kule kwa nafasi iliyo wazi, ni habari tofauti. Utaratibu unataka kusizidi miezi 6, na sababu ni nzuri: anayekaimu bila kikomo huogopa kuamua lolote la muda mrefu, kwa kuwa hajui kesho ni ya nani. Kituo huishi kwa kuahirisha. Hapo mtu hakuzwi, anachoshwa.

## Watu sita katika gari moja

Kila robo mwaka timu ya afya ya halmashauri hupita vituoni kwa usimamizi shirikishi. Jina ni zuri na kusudi ni zuri. Ni njia ya kumfundisha mtumishi kazini kwake, juu ya mgonjwa wake na rejista yake.

Ratiba ndiyo huiua. Mafuta yametoka ya siku tatu, vituo ni kumi na viwili, kwa hiyo vinne kwa siku. Gari linafika na watu sita, kila mmoja na orodha yake ya kukagua. Mratibu wa chanjo yuko kwenye jokofu, mfamasia yuko stoo, wa maabara yuko maabara, na muuguzi mmoja wa zamu anakimbia kati yao akiwa na wajawazito kwenye benchi. Baada ya dakika 50 wanaandika mapendekezo kumi na moja kwenye daftari, wanasaini kitabu cha wageni, wanaondoka.

Fungua daftari lile, rudi nyuma kurasa tatu. Mapendekezo ni yale yale.

Siamini kwamba tatizo ni uvivu wa kituo. Mapendekezo kumi na moja hayabebeki. Timu iliyokata shauri kubadilika hufanya hivi: kituo kimoja kwa nusu siku, watu wawili au watatu. Jambo la kwanza baada ya salamu ni kusoma kwa sauti ukurasa wa ziara iliyopita, pamoja na waliohudhuria. Halafu jambo moja tu linachaguliwa, na msimamizi analifanya kwa mikono yake huku mtumishi akitazama, kisha mtumishi analifanya huku msimamizi akitazama. Ikiwa ni kujaza chati ya uchungu, basi chati ya mama aliyeko wodini saa hiyo, na si ya mfano. Vituo vitakavyofikiwa ni vichache kwa robo hiyo. Taarifa itaonyesha asilimia ndogo, na hapo Mganga Mkuu wa Wilaya anahitaji ujasiri wa kuitetea mbele ya wakubwa zake.

## Hofu ya kalamu

Hapa ndipo wazo langu lilipogeuka.

Nilikuwa nimeshaandaa orodha ya dawa: makabidhiano bora, likizo bora, ziara bora. Kisha nikajiuliza swali dogo. Yule mganga aliyeondoka, angeandika kweli? Angeandika kwamba mwaka juzi chanjo ziliharibika alfajiri ya siku ya pili ya mawingu, ndipo akajua habari ya betri?

Asingeandika. Na angekuwa na haki.

Kila mtumishi anajua maana ya barua ya kujieleza. Unapewa siku chache, unajibu kwa maandishi, na maandishi yako yanaingia kwenye jalada lako. Ukiandika "tulikosea hapa", umeandika ushahidi dhidi yako. Kwa hiyo tunajifunza kuandika kwa namna isiyo na mtendaji: "chanjo ziliharibika", "fedha zilichelewa", "mawasiliano hayakuwa mazuri". Sentensi zisizo na mtu hazimfundishi mtu.

Wizara ya Afya imeligusa tatizo hili mahali penye maumivu makubwa kuliko pote. Mama akifariki kwa uzazi, kituo kinatakiwa kukaa na kupitia kifo hicho. Kanuni ya vikao hivyo ni kwamba jina la marehemu na majina ya watumishi hayaandikwi, na kinachosemwa humo hakitumiki kumshtaki mtu. Wanafuata ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa kufika kituoni, kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika.

Kanuni hiyo ikiheshimiwa, kikao hutoa mambo ambayo hakuna mkaguzi angeyapata. Damu ilikuwepo lakini ufunguo wa jokofu lake ulikuwa kwa mtu aliyekwenda chakula. Daktari aliitwa kwa simu isiyokuwa na salio.

Kanuni ikivunjwa hata mara moja, kiongozi mmoja tu akitoka kikaoni na kumsimamisha mkunga kazi mbele ya kamera, fomu zote zinazofuata zinabadilika. Vifo vyote vinakuwa vya ucheleweshaji wa kwanza na wa pili. Mama alichelewa kuamua. Barabara ilikuwa mbovu. Ucheleweshaji wa tatu, ule pekee ambao kituo kinaweza kuurekebisha kesho asubuhi, unatoweka kwenye karatasi.

Simaanishi kwamba uzembe usiadhibiwe. Mtumishi aliyelewa akiwa zamu, aliyeuza dawa, aliyemtukana mama mwenye uchungu, huyo ana njia yake ya kinidhamu na ifuatwe. Lakini njia hizo mbili zisipite mlango mmoja. Anayeendesha kikao cha kujifunza asiwe ndiye anayeandika barua za kujieleza. Kituoni pakiwa na watu wachache hilo ni gumu, na suluhisho ninalolijua ni kumwomba mfawidhi wa kituo jirani aje kuendesha kikao, na yule wa kwenu aende kwake.

Hoja za ukaguzi zina ugonjwa unaofanana na huo. Ripoti ya CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kila mwaka hueleza utekelezaji wa mapendekezo ya miaka iliyopita: yaliyotekelezwa, yaliyo njiani, yasiyotekelezwa. Halmashauri hukusanya vielelezo, hoja inafungwa, watu wanapumua. Lakini kufunga hoja ni kazi moja na kuondoa chanzo chake ni kazi nyingine. Hati ya malipo haikuwa na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Risiti inatafutwa, inaambatishwa, hoja imefungwa. Swali la kwa nini halikuulizwa. Huenda muuza mbao pekee wa kata hiyo hana mashine ya EFD, na fundi alikuwa anasubiri mbao. Basi jibu lenye manufaa ni orodha ya wauzaji wenye mashine katika kata tatu za jirani, ibandikwe ofisini kwa mhasibu. Mstari mmoja zaidi kwenye kila jibu la hoja, "hili liliwezekana kwa sababu...", ungebadilisha mengi kuliko semina nyingi.

## Shikilia

Kuna utamaduni wa kujifunza ulioanza hospitali moja na ukaenea. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza kutumia njia ya Kijapani ya 5S, na kutoka hapo ikasambaa hospitali nyingine nchini. Kwa Kiswahili tumeipata vizuri mno: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia.

Nguvu yake ni kwamba haihitaji ruhusa ya mbali. Chumba kimoja, timu ya watu wachache wanaofanya kazi humo, mfagizi akiwemo. Wanasasambua: kisichotumika kinatengwa na kuwekewa alama. Wanaseti: trei ya dharura ya kifafa cha mimba inawekwa mahali pamoja, kila kitu kimechorewa umbo lake, ili sindano isipokuwepo pengo lionekane kwa mbali. Wanapiga picha kabla na baada. Mtu anajifunza kwamba kazi yake inaweza kubadilishwa na yeye mwenyewe, na hilo ndilo somo la uongozi ninalolithamini kuliko yote.

Nne za kwanza hufanyika kwa wiki chache. Ya tano ndiyo husumbua. Shikilia hufa kwa sababu moja kuliko nyingine zote: aliyeianzisha amehamishwa, na aliyekuja hakukuta maelezo, amekuta tepe za rangi sakafuni na hajui zina kazi gani. Anaamuru zibanduliwe ili sakafu ipendeze.

Tumerudi kwenye ile karatasi.

## Kurasa tano

Hati ya mali ibaki, ni takwa la sheria na lina maana yake. Pembeni yake liwepo daftari la kazi. Kurasa tano, sita zikizidi sana. Makabidhiano ya kurasa arobaini hayasomwi.

Ukurasa wa kwanza ni mwaka ulivyo mahali hapa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, hilo linajulikana. Kinachotakiwa ni mwaka wa kituo. Mwezi upi malaria hupanda, lini mto hujaa, lini vijana huondoka kwenda mashambani na mahudhurio ya kliniki hushuka, oda ipi itangulizwe na kwa wiki ngapi.

Wa pili ni yaliyo njiani: kazi, ilipofikia, hatua inayofuata, tarehe yake, na nani anaisubiri. Hapa ziingie pia hoja ambazo hazijafungwa.

Wa tatu ndio mgumu na ndio wenye thamani: maamuzi na sababu zake. Kwa nini wodi ya wazazi ilihamishiwa mkono wa kushoto. Kwa nini fundi fulani haitwi tena. Nini kilijaribiwa kikashindikana. Usipoandika sababu, ajaye atageuza uamuzi akidhani ulikuwa uzembe, kisha atalipa gharama uliyokwisha kulipa wewe. Daftari hili liandikwe kila mwezi, mistari mitatu, lisisubiri barua ya uhamisho. Likisubiri, litaandikwa na mtu mwenye hasira ambaye posho yake ya uhamisho haijalipwa, na hasira haina kumbukumbu nzuri.

Wa nne ni watu. Nani kwenye kamati ya kituo husema kidogo lakini husikilizwa. Mzee gani aulizwe kabla ya kuchimba shimo la kondo la nyuma. Hapa uwe mwangalifu: andika msaada wa watu, usiandike umbea wala afya zao.

Wa tano ni mifumo. Nenosiri halirithishwi; ni kosa, na aliyeondoka ataulizwa kwa malipo asiyoyafanya. Kinachokabidhiwa ni orodha ya ruhusa zake katika kila mfumo, FFARS, NeST ya ununuzi wa umma na kwingineko, na tarehe aliyomwandikia msimamizi wa mfumo azifunge na kuzifungua kwa mwingine. Barua hiyo iende siku 10 kabla. Ikienda siku ya kuondoka, kituo hukaa wiki bila kuweza kununua hata glavu.

Nakala ziwe tatu: kituoni, kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, na masijala ya wazi ya halmashauri. Ikiingia masijala ya siri, anayeihitaji ataomba kibali cha kuisoma.

Nimefikiria pia PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji wa watumishi uliochukua nafasi ya ule wa zamani, OPRAS, tangu mwaka wa fedha 2023/24. Mtumishi anaingiza majukumu, msimamizi anayapima. Hakuna kinachozuia jukumu moja la mkuu wa kituo liwe "kuandika daftari la kazi kila mwezi" na jingine "kumkaimisha mtumishi mmoja kwa siku 28 na kumpa mrejesho". Yakiingizwa yatapimwa, na yanayopimwa hupewa muda. Nina shaka moja: yanaweza kugeuka tiki nyingine, daftari likajazwa Juni 29 kwa kalamu moja. Msimamizi atalijua kwa kusoma ukurasa wa tatu tu. Sababu za kweli hazifanani.

## Ikibaki nusu saa

Mara nyingi hakuna siku 10. Barua imefika Jumatano, gari ni Ijumaa. Hapo anayepokea aiweke pembeni hati ya mali kwa muda na aulize maswali matatu, akiandika majibu kwa mkono wake.

Kitu gani kitaharibika ndani ya siku 60 nisipokijua?

Ulijaribu nini kikakushinda?

Nimsikilize nani kabla sijabadilisha chochote?

Na yule mhudumu wa miaka mingi, ambaye saa hiyo yuko nje akideki baraza, aitwe ndani aketi nao. Viti viko sita, na kilichovunjika ni kimoja tu.